Ziara 13 kwa daktari: kisa cha mvulana mnene aliyejinyima chakula hadi akaugua

Mwaka 2013 wataalamu watatu wa Mayo Clinic huko Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, Leslie Sim, Jocelyn Lebow na Marcie Billings, walichapisha katika jarida la Pediatrics maelezo ya wagonjwa wawili: mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 18. Wote wawili waliwahi kuwa wanene kupita kiasi, wakapungua sana, na ilichukua muda mrefu kabla ya kugunduliwa kwamba wana tatizo la ulaji. Hapa nitamchukua mvulana peke yake, kwa sababu katika kisa chake hatua zinaonekana moja baada ya nyingine, na kila hatua ilikuwa na nafasi ya mtu kuuliza swali.

Alikuwa mnene tangu zamani. Alipokaribia miaka 12 akaamua kupungua, akaanza kwa njia ambayo mzazi yeyote angeifurahia: kula vizuri. Akaacha vitu vitamu. Baadaye akaacha mafuta, kisha vyakula vya wanga. Kila alichokiacha hakukirudia, na orodha ya vinavyoruhusiwa ikazidi kufupika. Hadi anafikishwa kwa wataalamu wa matatizo ya ulaji, alikuwa anakula takriban kalori 600 kwa siku, na wakati huohuo anakimbia mbio za nyika. Katika miaka miwili alikuwa amepoteza karibu kilo 40.

Dalili hazikujificha. Alikuwa amechoka, hawezi kutuliza akili kwenye jambo moja, anakasirika upesi, anajitenga na watu, hapati choo vizuri. Katika kipindi hicho alionana na wahudumu wa afya mara 13, na kumbukumbu za ziara zote hizo zipo. Waandishi walizipitia. Hawakukuta mahali popote ambapo mtu ameandika kwamba kasi ya kupungua kwa mtoto huyu inatia wasiwasi. Aliyeomba kijana apimwe kama ana tatizo la ulaji alikuwa mama yake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyopotea kwanza. Kilo 40 ni nyingi kwa yeyote, lakini kwa mtoto wa umri huo hazipimwi kama kwa mtu mzima. Kati ya miaka 12 na 14 mvulana wa kawaida huongezeka takriban kilo 10, kwa sababu mifupa inarefuka, misuli inajengeka na balehe imeshika kasi. Kwa hiyo mwili wake ulitakiwa kupanda katika miaka ileile ambayo yeye alikuwa anaushusha. Ukilinganisha alipofika na mahali ambapo mwili wake ungefika kwa mwendo wa kawaida, pengo linakaribia kilo 50. Ndiyo maana watoto wengi wenye unene wanaotibiwa vizuri hawaambiwi wapungue hata kidogo. Wanasaidiwa wabaki pale walipo huku kimo kikiongezeka, na uwiano wa uzito na urefu unajirekebisha wenyewe.

Na kalori 600? Mvulana wa miaka 14 anayefanya mazoezi kila siku anahitaji zaidi ya 2,500. Huyu alikuwa anaishi kwa chini ya robo ya mahitaji yake, tena akikimbia.

Zile dalili zilizosambaa kwenye mafaili yake zilikuwa zimeshaelezwa miaka mingi kabla hajazaliwa. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye afya nzuri ya mwili na akili, kwa muda wa wiki 24. Walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, zaidi ya mara mbili ya alichokuwa anakula kijana wetu. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanyonge, wenye hasira, wasiotaka kukaa na watu, wasioweza kumakinika, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula mchana na usiku. Moyo wao ulipiga polepole na walihisi baridi daima. Hawakuwa na ugonjwa wa akili kabla ya hapo. Ilikuwa njaa tu.

Sasa weka orodha hiyo kando ya ile ya mvulana. Kujitenga, hasira, uchovu, akili isiyotulia. Ukimkuta kijana wa miaka 14 ana mambo hayo, ni rahisi kusema ni balehe, ni msongo wa masomo, ni huzuni. Ukimkuta mwenye tumbo lisilofanya kazi vizuri, ni rahisi kuchunguza tumbo. Njaa ya muda mrefu hupunguza mwendo wa tumbo na utumbo, hivyo kukosa choo, kuhisi tumbo limejaa baada ya kula kidogo na maumivu ya tumbo ni mambo ya kawaida kwa wagonjwa hawa, na wengi wao huzungushwa kwenye vipimo vya tumbo kabla mtu hajauliza wanakula nini.

Kwa nini hakuna aliyeuliza? Sidhani ni uzembe, na waandishi wenyewe hawakuliweka hivyo. Naona kulikuwa na mambo mawili.

La kwanza ni chati. Mtoto huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri pale BMI yake, yaani ule uwiano wa uzito na urefu, inapokuwa katika alama ya 95 au zaidi, maana yake watoto 95 kati ya 100 wa umri na jinsia yake wako chini yake. Anapokuwa juu ya alama hiyo, kila ziara ina onyo. Akishuka kuingia katikati ya chati, onyo linatoweka. Chati imejengwa kuonyesha mtoto yuko wapi, nayo inafanya hivyo vizuri. Lakini nukta moja haionyeshi alitoka wapi wala alishuka kwa kasi gani. Hilo linaonekana tu ukiunganisha nukta zote. Ukiziunganisha za kijana huyu ungeona mstari unaoporomoka. Nukta ya mwisho peke yake ilionyesha mtoto mwenye uzito wa kawaida.

La pili ni picha tuliyonayo vichwani ya mgonjwa wa anoreksia, tatizo la ulaji ambalo mtu hujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa: msichana aliyekonda mpaka mifupa inahesabika. Mvulana aliyekuwa mnene haingii katika picha hiyo. Kwa miaka mingi hata kitabu cha vigezo vya magonjwa ya akili cha Marekani kiliipa picha hiyo nguvu, kwani toleo la nne lilitoa mfano wa uzito ulio chini ya asilimia 85 ya unaotarajiwa, pamoja na kukoma kwa hedhi kwa wasichana. Toleo la tano, lililotoka Mei 2013, miezi michache tu kabla ya makala ya Sim na wenzake, liliondoa asilimia hiyo na sharti la hedhi, na likataja hali ya mtu mwenye dalili zote za anoreksia ambaye, licha ya kupungua sana, uzito wake bado uko kwenye kiwango cha kawaida au juu yake. Wataalamu huiita anoreksia isiyo ya kawaida. Jina hilo silipendi, kwa sababu linamfanya mzazi afikiri kwamba ni jambo adimu au jepesi, nalo si adimu wala si jepesi.

Mwaka 2015 Lebow na wenzake walipitia mafaili ya vijana 179 waliofika kutibiwa matatizo ya ulaji. Asilimia 36.7 kati yao waliwahi kuwa juu ya alama ya 85 ya BMI, yaani katika kundi la uzito uliozidi au unene. Zaidi ya theluthi moja! Hao walikuwa wamepungua zaidi kuliko wenzao, na ugonjwa ulikuwa umewakaa muda mrefu zaidi kabla ya kufika kliniki.

Kuhusu uzito wa hali yenyewe, tafiti mbili zinatosha. Mwaka 2016 Susan Sawyer na wenzake huko Melbourne, Australia, walilinganisha vijana wenye anoreksia hii na wale wenye anoreksia tuliyoizoea. Mapigo ya moyo yaliyoshuka na mzunguko wa damu usiotulia mtu anaposimama vilionekana katika makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, na mateso ya mawazo kuhusu chakula na mwili yalikuwa makubwa zaidi kwa wale ambao kwa macho hawakuonekana wamekonda. Mwaka 2019 Andrea Garber na wenzake huko California walionyesha kwamba ukubwa na kasi ya kupungua ndivyo vilivyohusiana na moyo kupiga polepole. Uzito ambao mgonjwa alilazwa nao haukusema hilo. Kwa lugha nyepesi, moyo haujali unasoma kilo ngapi kwenye mizani. Unajali umenyimwa kiasi gani na kwa haraka gani.

Kwa hiyo kipimo kilichokosekana katika ziara zile 13 ni rahisi na hakihitaji mashine kubwa. Mlaze mtoto dakika chache, hesabu mapigo yake na upime shinikizo la damu, kisha msimamishe upime tena. Kijana ambaye moyo wake unapiga chini ya mara 50 kwa dakika mchana, au chini ya 45 usiku, anafikia kigezo cha kulazwa kinachotumiwa na madaktari wa vijana, hata kama ana mashavu mviringo. Mapigo ya chini kwa mkimbiaji yanaweza kudanganya, maana mazoezi nayo hushusha mapigo. Lakini mkimbiaji aliyepoteza kilo 40 hastahili kupewa maelezo hayo ya haraka.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye ule uamuzi wa kupungua. Je, dayati yenyewe ndiyo iliyomletea ugonjwa? Hakuna anayeweza kusema hivyo juu ya mtoto mmoja. Urithi una sehemu kubwa katika matatizo ya ulaji, na tabia kama wasiwasi na kutaka kila kitu kiwe bila dosari zina sehemu yake. Watoto wengi hujaribu dayati na kuiacha baada ya wiki. Hata hivyo, mlango ambao wengi hupitia kuingia katika ugonjwa huu ni dayati. George Patton na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa jimbo la Victoria, Australia, na mwaka 1999 wakaripoti kwamba wasichana waliojinyima chakula vikali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata tatizo jipya la ulaji ndani ya miezi 6 kuliko wasiofanya dayati. Waliojinyima kwa kiasi walikuwa mara 5 zaidi. Na kwa kuwa kundi hili la pili ni kubwa sana, takriban theluthi mbili ya wagonjwa wapya walitoka humo, kwa wale ambao hakuna mtu angewatilia shaka.

Jambo lingine linauma zaidi. Dayati ya mtoto anayejipangia mwenyewe haimsaidii hata katika kile anachokitafuta. Dianne Neumark-Sztainer na wenzake, katika utafiti mrefu wa vijana wa Minnesota ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, waliona mwaka 2006 kwamba waliokuwa wakifanya dayati mwanzoni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuwa na uzito uliozidi miaka 5 baadaye, na pia ya kula kwa pupa bila kuweza kujizuia. Ukifikiria njaa ya wale wanaume wa Keys hushangai. Mwili ulionyimwa hudai, na mtoto anayedaiwa na mwili wake mwenyewe huishia kula sana kwa siri, kujilaumu, kisha kujinyima upya. Kijana wa kisa chetu hakufika huko kwa sababu aliweza kuendelea kujinyima. Wengi hawawezi, na hao ndio tunaowaita walafi au wasio na nidhamu.

Hapa lazima nikabiliane na swali la haki. Je, tunasema unene wa mtoto uachwe tu? Hapana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walikuwa na unene uliokithiri. Kisukari cha aina ya pili, mafuta kwenye ini, shinikizo la damu na maumivu ya magoti vinawapata watoto hao wakiwa bado shuleni. Juu ya yote hayo kuna kuchekwa na kutaniwa, ambako nako huongeza hatari ya matatizo ya ulaji. Mvulana huyu alikuwa na sababu halali ya kusaidiwa.

Na msaada upo. Mwaka 2019 Hiba Jebeile na wenzake huko Sydney walikusanya tafiti kuhusu watoto na vijana waliotibiwa unene chini ya uangalizi wa wataalamu, wakakuta kwamba kwa wastani dalili za matatizo ya ulaji zilipungua baada ya matibabu. Wengine huona matokeo hayo yanapingana na ya Patton. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa Patton alikuwa peke yake na hofu yake. Mtoto wa Jebeile alikuwa na watu wazima wanaojua alichokula, wanaomwona mara kwa mara, wanaopanga mlo wa familia nzima, na wanaoweza kusema "sasa inatosha". Kijana wetu alionwa mara 13, lakini hakuna aliyekuwa anaiongoza dayati yake. Kwa kipimo hicho alikuwa peke yake kama wale wa Victoria.

Mwaka 2016 Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilitoa mwongozo unaounganisha mambo haya mawili, unene na matatizo ya ulaji, badala ya kuyatibu kana kwamba yanawahusu watoto tofauti. Iliwataka madaktari wasiwahimize vijana kufanya dayati, kuruka milo au kutumia dawa za kupunguza uzito. Wahimize familia kula pamoja. Wawashauri wazazi waache kuzungumzia uzito, wa mtoto au wao wenyewe. Waulize kuhusu uonevu. Na wamfuatilie kwa makini kijana yeyote anayepungua, hata kama alihitaji kupungua. Hili la mwisho linamhusu mvulana wetu moja kwa moja.

La kutozungumzia uzito huwashangaza wazazi wengi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Jerica Berge na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba vijana ambao wazazi wao huzungumza nao kuhusu uzito na ukubwa wa mwili walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kufanya dayati na kujidhibiti kwa njia za hatari. Wazazi walipozungumzia chakula bora tu, bila kutaja uzito, mwelekeo huo ulikuwa mdogo zaidi kwa vijana wenye uzito uliozidi. Mzazi anaweza kubadilisha kinachopikwa, muda wa kulala, muda wa kukaa mbele ya skrini na michezo ya nyumba nzima, bila kumwambia mtoto mmoja kwamba haya yote ni kwa sababu ya tumbo lake. Ndugu yake mwembamba naye ale hivyohivyo. Na mtoto anapopungua, sifa iwe kwa jambo lingine alilofanya, maana aliyesifiwa kwa kilo mbili atatafuta sifa ya kilo ya tatu.

Maswali ambayo daktari au mzazi angeweza kumuuliza kijana huyu si magumu. Umefanyaje hadi ukapungua? Jana ulikula nini, kuanzia asubuhi? Ni vyakula gani ulivyokuwa unavipenda ambavyo sasa huwezi kuvila? Ukikosa kukimbia siku moja inakuwaje? Unataka kufika kilo ngapi, na ukifika utasimama? Swali la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Mtoto anayepungua kwa afya ana mahali pa kusimama. Aliyeshikwa na ugonjwa husogeza mstari kila anapoukaribia.

Kuhusu tiba, nitaeleza kwa ufupi. Mtoto aliyejinyima kwa kiwango hiki harudishiwi chakula kingi kwa siku moja nyumbani bila kupimwa. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula ghafla, madini ya fosfeti katika damu yanaweza kushuka kwa hatari na moyo ukayumba, kwa hiyo damu hupimwa na chakula huongezwa chini ya uangalizi. Baada ya hapo, kwa vijana, tiba yenye ushahidi mzuri ni ile inayowapa wazazi usukani: wao ndio wanaoamua nini kiliwe na kiasi gani, hadi kijana apate nguvu ya kurudishiwa maamuzi hatua kwa hatua. James Lock na Daniel Le Grange pamoja na wenzao waliijaribu dhidi ya tiba ya mazungumzo ya kijana peke yake, na mwaka 2010 wakaripoti kwamba mwaka mmoja baada ya matibabu, asilimia 49 ya waliopitia tiba ya familia walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 23.

Kwa familia ya mtoto aliyekuwa mnene, kazi hii ina ugumu wake wa pekee. Wazazi wameambiwa kwa miaka kwamba mtoto wao anakula mno. Leo wanaambiwa wamlishe, wamwongezee, wasikubali kisingizio. Wanaogopa, na mtoto anaijua hofu yao na kuitumia. Halafu kuna suala la arudishwe hadi kilo ngapi. Ukichukua wastani wa umri wake kama shabaha, huenda ukamwacha bado na njaa, maana mwili wake haukuwa wa wastani hata kabla ya ugonjwa. Ukichukua mstari wake wa zamani, wengine watasema unamrudisha kwenye unene. Wataalamu bado wanabishana hapa. Kwa upande wangu ningetazama kwanza chati yake yote tangu utotoni, kisha mapigo ya moyo, mwendo wa balehe, usingizi, hasira, na kama anaweza kula chakula alichokiogopa bila kulipiza kwa kukimbia. Hivyo vikirejea akiwa na uzito ulio juu ya wastani, basi huo ndio uzito wake, na daktari anapaswa kuwaambia hivyo mtoto na wazazi wake pamoja.